Siku Directeur Alipofukuza Ukoo wa Lib

Kwetu Goma mutu hahami peke yake. Unamfungulia mlango mkimbizi mmoja aliyebisha kwa adabu. Nyuma yake yuko dada yake, nyuma ya dada wako watoto, nyuma ya watoto yuko jirani ambaye si ndugu wa yeyote lakini ndiye mwenye sufuria, na mwenye sufuria hamwachi mbuzi wake njiani. Wiki ile nyumba yangu ya mbao pale Mabanga ililaza watu wengi hadi panya wakaenda kuomba hifadhi kwa jirani. Mimi mwenyewe nililala wima, nimeegemea kabati kama ufagio. Mke wangu akisoma hapa atasema nilikuwa na kiti. Sawa, nilikuwa na kiti, lakini kilikuwa na miguu mitatu na mguu wa nne nilikuwa mimi.

Vilikuwa vita vya mwisho. Huku kwetu kila vita ni vya mwisho, kwa hiyo ukiniuliza vilikuwa vita gani hasa, nitashindwa kukujibu. Wageni wetu walitoka upande wa Rutshuru, na kiongozi wao alikuwa binamu ya mke wangu, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kuuza maharage katikati ya soko. Mimi namwita shemeji, yeye ananiita shemeji, na humu nitamwita hivyo hivyo.

Shemeji alikuwa amempoteza mama yake njiani. Risasi zilipoanza kulia, watu walitawanyika kama maharage yaliyomwagika juu ya mawe, na yule bibi, mwenye goti bovu na mdomo mzima, akabaki upande mwingine wa barabara. Siku zikapita bila habari. Kisha asubuhi moja sokoni shemeji akakutana na dereva wa kwao, naye dereva akamtazama kama anayetazama mzimu.

"Kumbe uko hapa," dereva akasema. "Mama yako iko Rumangabo. Goti ni ile ile, mudomo ni ile ile. Ila anasema weye ulibakia kule nyumbani. Kesho asubuhi anapanda lori ya makala ya kupikia, anarudia kukutafuta."

Kule nyumbani hapakubaki mtu wa kutafutwa. Walibaki wenye bunduki, na hao hawaulizi bibi ni wa nani. Dereva asingeweza kurudi kumzuia, maana nyuma yake barabara ilikuwa imefungwa. Bibi hakuwa na simu. Alikuwa akisema simu ni kitu cha watu wenye siri. Alichokuwa nacho ni redio ndogo ya betri aliyoifunga kiunoni kwa kipande cha kitenge, na kila jioni, kuwe vita kuwe amani, alisikiliza redio moja tu, nayo ni yetu. Alitupendea matangazo ya vifo. Redio nyingine husema marehemu ameacha mjane na watoto, basi. Sisi tulikuwa tunataja mpaka shemeji za shemeji.

Basi shemeji hakurudi nyumbani. Alikuja moja kwa moja redioni, bado ana beseni kichwani.

"Shemeji, nataka kusema kwa redio. Leo, mbele ya kesho."

"Utasema," nikamwambia. "Jioni, saa ya matangazo, kwa mdomo wako mwenyewe. Kaa pale kwa benchi."

Niliongea kama mtu mwenye mamlaka, na nilikuwa nayo. Mimi ndiye niliyekuwa informaticien, fundi wa kompyuta wa redio. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya kompyuta, ambako umeme ulikuwa ukikatika mara nyingi hadi tukajifunza kuandika kwenye kibodi ya kuchorwa ubaoni, na diploma yangu ina mihuri mingi kuliko maneno. Kazi yangu ilikuwa kutunza mashine moja. Meza yetu ya kuchanganyia sauti ilikuwa imepigwa na radi mwaka wa nyuma, kwa hiyo kila sauti, ya muziki, ya maikrofoni, ya kikohozi cha mtangazaji, ilipitia kompyuta ile ya Linux kabla ya kufika kwenye antena. Mashine ikinyamaza, redio imenyamaza.

Na asubuhi ile mashine ilikuwa imeanza kulalamika kwamba imejaa.

Directeur wetu, mkuu wa redio, alikuwa muzee wa suti, joto au mvua. Alikuwa amekuja kurekodi salamu zake kwa wasikilizaji, jambo alilolifanya kila walipopatikana wasikilizaji wapya, na wakimbizi walikuwa wamemletea wengi. Mashine ikakataa kurekodi.

"Nani amejaza hii kitu?" akauliza.

Nilimwambia ukweli, lakini kwa heshima. "Muzee, ni zile video zako."

Zilikuwa ni hotuba zake zote, pamoja na arusi ya binti yake iliyopigwa kutoka kila pembe, hata pembe ya jikoni, ambako kwa muda mrefu anaonekana mpishi mmoja akitafuta kisu. Video hizo zilijaza mashine kama vile ng'ombe aliyelala ndani ya choo.

"Video yangu ni historia," directeur akasema. "Historia haijazi mafasi. Nionyeshe wengine wenye kuwa humu ndani."

Nikafungua ile skrini nyeusi na kumwonyesha vifurushi vyote vilivyomo. Hapa lazima nieleze kidogo, na nitaeleza haraka kama mtu anayepita mbele ya anayemdai. Kwenye Linux programu haiji na kila kitu mfukoni. Inakuja kama kifurushi, na kifurushi kinasema wazi: mimi nitapiga muziki, lakini simjui mtu wa kufungua faili za sauti, kwa hiyo niko na yule anayejua. Yule naye anasema anamtegemea mwingine wa hesabu. Wa hesabu anamtegemea babu mmoja aliyekaa chini kabisa, ambaye hakuna anayemwona na wote wanamkalia mgongoni. Mashine inajua nani aliitwa na mwenye nyumba kwa jina, na nani alikuja amefuatana na aliyeitwa. Na wengi wa hao waliofuatana, majina yao huanza na lib.

Directeur alivaa miwani. Alisoma orodha kwa kidole, akashuka, akashuka, na kila aliposhuka uso ulikuwa unabadilika.

"Lib. Lib. Lib. Lib," akasema. "Hawa ni banani?"

"Muzee, ni wasaidizi. Kila programu inakuja na benye inategemea."

"Nani aliwaita?"

"Hakuna mwenye aliwaita kwa jina. Walikuja na wengine."

Aliivua miwani na kunitazama kama daktari aliyegundua ugonjwa. "Njo ile, ndiyo ile ile nasema kila siku. Unaingiza mumoja, analeta ukoo nzima. Sasa angalia: humu ndani kuna wenyeji na kuna wakuja, na wakuja wamepita wenyeji. Mashine imejaa kwa sababu gani? Jibu unalo."

Nikamwambia kwamba wote wa ukoo wa lib wakijumlishwa hawafikii hata nusu ya arusi ya binti yake. Akasema mimi ni mtoto, sielewi mambo ya ardhi. Mtu huyu babu yake aliingia Goma akiwa amebebwa mgongoni, lakini habari hiyo haimo katika video hata moja.

"Anza na huyu," akasema, na kidole chake kikaangukia lib moja ya sauti, katikati ya orodha. "Jina lake ni refu sana. Mutu wa hapa hana jina refu vile."

Nikaandika amri ya kumwondoa, ili tu aone jibu la mashine. Mashine ilikuwa na adabu kuliko sisi wote. Ilituonya kwa Kifaransa safi kwamba lib huyo akiondoka, wafuatao pia wataondoka, na ikawataja: kirekodi sauti, kicheza muziki, na ile programu yenyewe inayopeleka sauti kwenye antena. Halafu ikauliza kama kweli tunataka kuendelea, O ya oui, yaani ndiyo, n ya non, yaani hapana.

"Unaona, muzee? Tukimufukuza huyu, na redio inaenda naye."

"Njo vile wanasemaga siku zote," directeur akajibu. "Tukitoka, soko itakufa, shule itafunga, mvua haitanyesha. Ni vitisho. Wacha, mimi mwenyewe."

Alipenda kuzindua vitu, muzee yule. Alikuwa amezindua bomba la maji lisilo na maji, na alama ya barabarani. Alirekebisha tai, akanyoosha kidole chenye pete, akabonyeza O.

Kutoka spika ndogo ya ukutani, muziki uliokuwa ukicheza ulikatika katikati ya neno. Majina yakapita kwenye skrini yakiaga mmoja mmoja. Kulikuwa na ukimya mkubwa hata ukasikia jogoo wa Mabanga nzima, na mmoja wa mtaa wa Himbi.

Shemeji alisimama kutoka kwenye benchi. "Shemeji, redio imezimika?"

"Imepumzika."

"Itaamuka jioni?"

Nikaanza kuhesabu kichwani njia za kuirudisha, na hesabu iliisha haraka. Kwa kawaida unaiambia Linux neno moja, inakwenda yenyewe kwenye mtandao, inamleta kila anayehitajika na wote wanaomfuata. Lakini mtandao wa mtaa wetu ulikuwa umekatwa tangu mapigano yalipokaribia. Simu za kuongea zilipita kwa bahati, internet, sahau. Waliokuwa nayo walikuwa maofisi ya Himbi, yenye masahani ya kunasa mtandao juu ya paa, makubwa kama beseni za kuogea tembo. Na mle Himbi nilikuwa na mwenzangu wa masomo ya jioni, mama mmoja aliyenishinda katika kila mtihani na kunikumbusha kila tunapokutana. Nikachukua ufunguo wangu wa USB, ile flash ya kubebea faili, nikarukia pikipiki ya kukodi.

Yule mama alikuwa anakula. Alinisikiliza, akacheka hadi akasukuma sahani mbali.

"Alibonyeza mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na pete."

"Na weye ulikuwa unaangalia, papa?"

"Mama, nisaidie. Ile programu ya antena. Iko hapa kwa mtandao yako?"

Akanishushia kifurushi kile. Nikarudi Mabanga kwa mwendo ambao dereva wa pikipiki anausimulia mpaka leo. Mawe ya lava tuliyoyarusha yalizidi yale ya volkano yenyewe. Nikakiingiza. Mashine ikasema: hiki kinahitaji lib fulani, na huyo hayupo. Nikarudi Himbi, nikamleta lib fulani. Mashine ikasema: lib fulani haingii bila mwenzake wa hesabu. Nikarudi Himbi. Walinzi wa pale getini waliacha kuniuliza kitambulisho, wakaanza kuniuliza hali ya barabara.

Safari iliyofuata nilikuwa na wawili ambao niliamini ndio mwisho. Nikamwingiza wa kwanza. Mashine: huyu hawezi kukaa kama yule hajakaa. Nikamwingiza wa pili. Mashine: huyu hawezi kukaa kama yule wa kwanza hajakaa. Kila mmoja amesimama mlangoni anamwambia mwenzake, tangulia wewe. Nimeona hayo kwenye ofisi za mji wetu: hawakupi cheti bila anwani, hawakupi anwani bila cheti, na mtu anazeeka kati ya meza mbili. Sikujua kwamba ugonjwa huo unaambukiza hata mashine.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Shemeji alikuwa ameacha benchi na kusimama nyuma ya kiti changu.

"Niambie ukweli," akasema. "Kama haiwezekani, niende kwa miguu."

"Rumangabo, kwa miguu? Na barabara imefungwa?"

"Nitapita kwa mashamba. Mama yangu hawezi kurudi kule, shemeji. Jirani mumoja mwenye alirudia, tulimuzika bila kumuona."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, ile sauti yake ya soko ikiwa imekwenda wapi sijui. Nikampigia yule mama wa Himbi. Simu ilikataa, ikakataa, kisha kwa bahati ikapita. Nikamwelezea wale wawili wa mlangoni.

"Subiri," akasema. "Unawaingiza namna gani?"

"Mumoja mumoja. Nakagua huyu, kisha huyu."

"Weye uko sawa vile askari wa barrière, mwenye kufunga barabara. Hawa ni familia, papa. Nani alikuambia familia inapita mumoja mumoja? Weka wote kwa dosye moja, na program, na ma-lib yote, kisha ambia mashine iwaingize pamoja, mara moja. Mashine itajua yenyewe nani anakaa wapi. Tulisoma hii."

"Siku ile sikuwa darasani."

"Ulikuwa. Ulikuwa unalala."

Nikawakusanya wote kwenye folda moja, nikaandika amri moja yenye nyota mwishoni, maana yake: wote, kama mlivyo. Na mashine, mbele ya macho yangu, ikaanza kuwafungulia. Halafu ikasimama. Hakuna nafasi.

Bila shaka hakukuwa na nafasi. Arusi ilikuwa bado imekaa.

Nikamwita directeur. Alikuwa amejifungia ofisini tangu asubuhi, akiandika barua ya malalamiko kwa watengenezaji wa Linux, ambao hakujua wanakaa wapi.

"Muzee, lazima video moja itoke."

"Hata moja."

"Basi redio haitasema."

"Itafutwe njia ingine. Historia ya mutu haifutwi kwa sababu ya lib."

Nilikuwa natafuta maneno ya adabu wakati shemeji alipoingia mlangoni. Hakuomba ruhusa.

"Papa directeur," akasema, "mama yangu anasikilizaga hii redio. Anakusikiliza na weye. Anajua salamu zako kwa kichwa, anazifwata na mudomo kama rozari. Kesho asubuhi atapanda lori, atauawa. Sasa chagua: unataka video ya kujiangalia, ama unataka mutu wa kukusikiliza?"

Directeur alikuja hadi kwenye mashine, akavaa miwani, akapitia video zake moja moja kama baba anayechagua mtoto wa kupeleka jeshini. Hii, apana. Hii, gavana anaonekana. Hii, nilikuwa mwembamba. Mwishowe akagusa hotuba moja ya ufunguzi wa alama ya barabarani.

"Hii," akasema. "Walinipiga kwa nyuma."

Nikaifuta kabla hajageuka. Ukoo wa lib ukaingia wote, wakubwa kwa wadogo, na spika ya ukutani ikakohoa, ikamalizia ule wimbo uliokatika asubuhi kana kwamba mwimbaji alikuwa ametoka tu kunywa maji.

Saa ya matangazo ilikuwa imeshaanza. Directeur aliketi mbele ya maikrofoni kwa nguvu ya mazoea. "Wasikilizaji wapenzi," akaanza, "leo, chini ya uongozi wetu, redio yenu imetimiza kazi kubwa ya kupokea na kukaribisha..." Hatujajua alitaka kumkaribisha nani. Shemeji alimwinamia, akaivuta maikrofoni kutoka mbele yake kama anavyovuta sahani kwa mtoto aliyeshiba, na ile sauti ya soko ikarudi yote.

"Mama. Ni mimi mutoto wako. Niko Goma, niko Mabanga, niko muzima, na watoto wako wazima. Kule nyumbani hakuna mutu. Usipande lori. Unasikia? Uko na goti mubaya na hauna akili ya kukimbia. Wenye kuwa Rumangabo, mukiona mama muzee mwenye redio kwa kiuno na anabishana na watu, njo yeye. Mumushike. Ata kama anatukana, mumushike. Namba ya redio ni hii."

Nikaisoma namba mimi, taratibu, na tena. Kisha tukakaa. Mtangazaji alisoma vifo vya siku hiyo kwa sauti ya kunong'ona, na kila simu ya mezani ilipolia ilikuwa ni mtu wa Himbi au wa Mabanga akiuliza kama mama ameshapatikana. Directeur aliwajibu mwenyewe. Alikuwa amevua koti, na kwa mara ya kwanza tukaona mashati yake yana mikono.

Nje palikuwa bado na mwanga simu ilipolia kwa mlio wa mbali, wenye upepo ndani. Mwanaume mmoja akasema yeye ni muuza mafuta pale Rumangabo, na kwamba kuna mama amemnyang'anya simu. Nikampa shemeji. Bibi hakuhitaji simu kusikika, tulimsikia sote.

"Nani alikuambia useme goti yangu kwa redio? Sasa watu wote wa hapa wananiangalia goti."

"Mama," shemeji akasema. "Lori."

"Lori ya nini? Nimeshushisha mizigo. Uko unakula?"

"Niko nakula."

"Unasema uongo, nasikia kwa sauti. Kaa pale. Barabara ikifunguka nitakuja, usinifwate. Na useme mutu wa redio aache kusoma vifo haraka haraka, anatukimbiza." Upepo ukamchukua, simu ikakatika.

Shemeji aliirudisha simu mahali pake kwa mikono miwili. Akaketi chini sakafuni, katikati ya nyaya zangu, akavua viatu, akaniomba maji. Nikamletea. Akanywa yote bila kupumzika, akaninyooshea kikombe nimwongezee.